Jinsi nilivyozuia barafu kupasua mabomba ya bwawa la kuogelea

Kila majira ya baridi yalipokwisha, nilikuta vigae vya ukingoni vimebanduka na bomba linalorudisha maji bwawani limepasuka. Turubai pekee halikusaidia, na kulikausha bwawa kabisa ni hatari, kwani maji ya ardhini yanaweza kulisukuma juu likiwa tupu.

Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, hivyo bomba lililojaa halina pa kuponea. Nilishusha maji hadi chini ya mdomo wa kisanduku cha kunasia takataka, nikafungua vizibo vya chini vya pampu na kichujio, kisha nikapuliza hewa ya kompresa mabombani. Kilicholeta tofauti ni jambo dogo sana: kizibo cha mpira nilikikaza kwenye tundu la bwawani wakati mapovu yakiendelea kutoka kwa nguvu, kwa sababu hewa ikikatika kabla ya hapo, maji hurudi ndani papo hapo na kazi yote huwa bure. Kisandukuni niliweka chupa ya plastiki iliyofungwa, yenye changarawe ya kuizamisha nusu, ili barafu iibonyeze chupa badala ya kuta.

Theluji ilipoyeyuka, sikuona ufa popote, na pampu ilivuta maji bila kuvuja.