Ngome za Ulaya, Tukiwa Bagamoyo

Sisi wa Bagamoyo tumeizoea Ngome Kongwe, jengo la karne ya 19 ambalo baadaye liligeuzwa gereza, na kwa sababu hiyo tukiisikia ngome tunawaza kwanza kufungiwa. Ngome za Ulaya za zama za kati zilikuwa kwanza nyumba. Humo aliishi bwana na jamaa zake, humo kesi zilisikilizwa, na humo nafaka za kodi zilihifadhiwa. William, mtawala wa Normandy huko Ufaransa, alipoiteka Uingereza mwaka 1066, watu wake walirundika vilima vya udongo na kusimamisha juu yake minara ya mbao, maana wenyeji walikuwa wengi, wao wachache, na mawe yangechukua miaka.

Uchache huo ndio unaoeleza karibu kila kitu katika ujenzi wake. Ngome haikulazimika kumshinda adui; ilitosha imcheleweshe mpaka msaada ufike au chakula cha jeshi lake kiishe. Matundu ya mishale yalikuwa membamba kwa nje na mapana kwa ndani, na minara ilichomoza mbele ya ukuta ili mpiga upinde awaone waliojibanza chini yake. Handaki lenye maji, ambalo wengi hudhani lilikuwa la kuzuia watu tu, liliwatatiza zaidi wachimbaji wa chini kwa chini.

Wachimbaji hao walikuwa hatari kweli. Mwaka 1215 Mfalme John wa Uingereza aliizingira ngome ya Rochester, huko huko Uingereza, iliyoshikwa na waasi, akachimbisha shimo chini ya pembe moja ya mnara mkuu na kuliegemeza kwa magogo. Kisha akaagiza kwa barua aletewe nguruwe 40 wanono wasiofaa kuliwa (wasomaji wenzangu mniwie radhi kwa kumtaja mnyama huyo), mafuta yao yakachochea moto, magogo yakaungua na pembe ikaporomoka. Hata hivyo waliokuwamo walirudi nyuma ya ukuta uliogawa mnara kwa ndani, wakaendelea kupigana hadi njaa ilipowatoa. Pembe hiyo ilijengwa upya ikiwa ya mviringo, huku nyingine tatu zikibaki za mraba, na mpaka leo tofauti hiyo inaonekana.

Kwa mtu wa pwani, ninayoipenda zaidi ni Harlech, huko Wales, iliyojengwa na Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza. Ngazi zake ziliteremka jabalini hadi majini, hivyo waasi walipoizunguka kwa upande wa nchi kavu mwaka 1294, chakula kiliingia kwa vyombo vya baharini. Mwaka uliofuata mfalme huyo alianza ngome ya Beaumaris, huko huko Wales, yenye kuta mbili, wa ndani ukiwa na kimo kikubwa kuliko wa nje ili safu mbili za wapiga mishale zitupe kwa pamoja. Kwa maoni yangu hakuna ramani ya ngome iliyopangwa vizuri kuliko hiyo, lakini fedha zilikatika na minara yake haikufikishwa kimo kilichokusudiwa.