Dola 126 Zilizorudi kwa Fomu 1040-X

Mwishoni mwa mwaka 2022 jimbo la California, tunakoishi, liliwagawia wakazi wake fedha za kupunguza makali ya maisha, na kiasi alichopata kila mlipakodi kilitegemea kipato chake cha mwaka 2020 na kama alikuwa na mtegemezi. Sisi, mume na mke wenye watoto wawili, tuliingiziwa dola 1,050 benki, na mke wangu akazimaliza kwa kodi ya nyumba kabla sijajua kuwa zimefika. Januari 2023 jimbo likatutumia fomu 1099-MISC, ambayo huripoti mapato mengineyo, yenye kiasi hicho hicho. Mimi ninaamini kwamba karatasi ikishafika kwako, nakala yake imefika serikalini pia, kwa hiyo nilizijaza dola zile kama mapato mengineyo na kuwasilisha ritani yetu, yaani taarifa ya kodi ya mwaka, tarehe 30 Januari.

Haraka hiyo ndiyo iliyoniponza. Siku 4 baadaye IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu ya Marekani, iliwaomba waliopata malipo ya aina hiyo wasubiri kwanza, na tarehe 10 Februari ikatangaza kwamba haitahoji mtu asiyeyahesabu kuwa mapato. Lugha ya tangazo hilo inafaa kusomwa kwa makini, kwa sababu IRS haikusema kwamba malipo yote ya majimbo hayatozwi kodi. Ilisema kwamba kwa mwaka 2022, kwa kuzingatia dharura ya korona na mkanganyiko uliokuwapo, haitafuatilia suala hilo kwa majimbo iliyoyataja, California ikiwamo. Kwa wakazi wa Georgia, Massachusetts, South Carolina na Virginia kulikuwa na sharti la ziada kuhusu namna walivyodai makato yao, yaani kiasi kinachopunguzwa kwenye mapato kabla ya kukokotoa kodi.

Jirani yangu alinishauri nitume ritani mpya siku ile ile. Sikufanya hivyo, na ninashukuru, maana ritani ya pili inayoingia wakati ya kwanza bado inashughulikiwa huzivuruga zote mbili. Nilisubiri hadi tuliporejeshewa fedha za ritani ya kwanza, kisha nikaifungua nakala yake kuhakikisha kwamba zile dola 1,050 zilikuwa zimetozwa kodi kweli, kwa kuwa ambaye hakuzitolea kodi hana cha kurekebisha.

Programu niliyotumia Januari ilitaka ada kwa ajili ya marekebisho, nami sikuona sababu ya kulipia kudai changu. Jumamosi moja ya mwishoni mwa Machi nilikwenda maktaba ya mtaani, ambako watu wa kujitolea wa mpango wa VITA (kifupi cha Kiingereza cha msaada wa kujitolea wa kodi ya mapato) huwaandalia ritani bila malipo watu wenye kipato cha kadiri. Mama aliyenihudumia alinigeuzia kompyuta ili nione. Fomu 1040-X, ambayo ndiyo ya kurekebisha ritani iliyokwisha wasilishwa, ina safu 3: A ni tarakimu za awali, B ni mabadiliko, C ni tarakimu sahihi. Mstari wa kwanza, wa mapato, ulisomeka 79,050, kisha 1,050 katika mabano, kisha 78,000. Baada ya kutoa makato ya kawaida ya dola 25,900, kodi kabla ya nafuu ya watoto ilishuka kutoka dola 5,970 hadi 5,844. Tofauti ilikuwa dola 126, yaani asilimia 12 ya malipo yale.

Sehemu ya maelezo ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwani nilianza kuandika kisa kizima, pamoja na ile kodi ya nyumba. Yule mama alikifuta chote na kubakiza sentensi mbili: kwamba tulikuwa tumejaza malipo ya jimbo kama mapato, na kwamba tunayaondoa kwa kufuata tamko la IRS la tarehe 10 Februari 2023. Ritani ya jimbo hatukuigusa, kwa sababu California haikuyatoza malipo hayo kodi na hatukuwa tumeyahesabu huko kuwa mapato tangu mwanzo. Mke wangu naye ilibidi atie saini, akaniuliza, "Baba Amani, Jumamosi nzima kwa dola 126?" Nikamjibu kwamba hizo ni gunia zima la mchele na mafuta yake.

Kwa bahati nzuri, tangu Februari hiyo IRS ilikuwa imeanza kuingiza benki marejesho ya ritani zilizorekebishwa kwa njia ya mtandao. Kusubiri ndiko kulikochosha. Baada ya wiki 3 tovuti yao ilionyesha kwamba ombi limepokelewa, na maneno yakabaki hayo hayo hadi Agosti, katika wiki ya 22, yalipobadilika kuwa limerekebishwa na siku chache baadaye kuwa limekamilika.

Zilizoingia zilizidi 126 kwa dola 3 na senti chache, ambazo ni riba ya kucheleweshewa fedha zetu. Riba hiyo inatozwa kodi. Nimeijaza katika ritani ya mwaka 2023.