Jinsi Pasi ya Mwaka Ilivyonipunguzia Gharama za Hoteli Orlando

Nilipokata pasi ya mwaka ya Universal Orlando, eneo la bustani za burudani na hoteli zake katika jimbo la Florida nchini Marekani, nililenga viingilio tu. Punguzo la hoteli ambalo mwenye pasi hupewa nililiona kuwa ni bakshishi, hadi nilipoketi kupiga hesabu za malazi ya familia na kugundua kuwa huko ndiko fedha nyingi zilikokuwa zikienda.

Punguzo hilo halina asilimia moja ya kudumu. Hubadilika kulingana na hoteli, aina ya chumba na msimu, tena vyumba vinavyotengwa kwa wenye pasi ni vichache, kwa hiyo hoteli inaweza kuwa na nafasi tele na bado bei ya pasi ikawa imekwisha. Kwa sababu hiyo naanza kutazama bei kwanza, ndipo niombe likizo kazini, wala si kinyume chake. Kalenda ya siku ambazo pasi za daraja la chini haziruhusu kuingia bustanini nayo huisoma kando, kwa kuwa kupata chumba kwa bei nafuu hakumaanishi kwamba lango litafunguka siku hiyo.

Utaratibu ulionifaa zaidi ni kushika chumba mapema kwa bei yoyote inayoruhusu kughairi bila kutozwa, kisha kuendelea kufuatilia bei ya pasi. Ikijitokeza, naweka nafasi mpya, nasubiri uthibitisho wake, na hapo ndipo naighairi ile ya awali. Kabla ya kufurahia bei mpya huilinganisha na ofa zilizo wazi kwa watu wote, hasa zile za kukaa siku nyingi, kwa sababu mapunguzo mawili hayajumlishwi na mara nyingine ofa ya kawaida huishinda ya pasi.

Ulinganisho wenyewe naufanya kwa jumla ya mwisho. Tuseme chumba ni dola 200 kwa usiku na punguzo ni asilimia 25: bei inashuka hadi dola 150, na kodi ya Orlando ya asilimia 12.5 inaongeza dola 18.75, hivyo unalipa 168.75 badala ya 225. Punguzo linapunguza na kodi pia, jambo la kupendeza. Maegesho ya gari katika hoteli za Universal, hata hivyo, hulipiwa kivyake kila usiku na pasi haiyagusi, tofauti na hoteli za Walt Disney World, eneo jingine la bustani za burudani hapo Orlando, ambako wageni wameegesha bure tangu mwaka 2023.

Kilichonishawishi kulipa zaidi kidogo ni hoteli za Portofino Bay, Hard Rock na Royal Pacific. Anayelala humo hupewa Express Unlimited, yaani ruhusa ya kupita foleni fupi katika michezo mingi ya bustani mbili za Universal, yaani Universal Studios Florida na Islands of Adventure, na hupewa kila mgeni wa chumba, siku ya kufika na siku ya kuondoka zikiwemo. Ukiinunua langoni katika msimu wa watu wengi, gharama yake kwa familia huweza kukaribia ya chumba chenyewe. Kwa usiku mmoja tu tulipata siku mbili za kutosota foleni, na kwa maoni yangu hapo ndipo pasi inapolipa kuliko mahali pengine popote.

Familia nzima haihitaji pasi ili kupata bei hiyo. Katika chumba chetu mwenye pasi ni mimi peke yangu, wengine wana tiketi za kawaida, na nafasi huwekwa kwa jina langu. Mhudumu wa mapokezi alitaka kuona pasi pamoja na kitambulisho, akalinganisha majina, kisha akatukabidhi funguo. Pasi inapaswa kuwa hai siku ya kufika hotelini, si siku ya kuweka nafasi tu. Basi safari ikiangukia karibu na mwisho wa mwaka wa pasi, naiwahisha safari au nahuisha pasi kwanza.