Leso za sare, uzi na chapa

Jumapili yote imeishia mezani mbele ya cherehani. Binamu yangu anaolewa mwezi ujao, na kina shangazi wamekubaliana sare iwe leso, yaani khanga: rangi moja, jina moja (yale maneno yaliyochapwa juu yake). Tulizinunua Mtaa wa Biashara, nikasema nitazipinda mwenyewe. Wale mafundi wanaokaa barazani nje ya maduka ni wepesi ajabu, hujamaliza kuhesabu chenji leso imeshapindwa. Ila wengi wao hufuata tu pale mkasi wa muuzaji ulipopita, na harusini nataka mapindo yalale sawa.

Asiyeshona hudhani leso hupindwa pande zote nne. La. Leso ina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa 110, na zile pande ndefu, ya juu na ya chini, ni kingo zilizofumwa kiwandani. Hazifumuki. Kazi iko pande fupi tu, pale doti, yaani jozi ya leso mbili zilizoungana, inapokatwa katikati na kwenye ncha zake mbili.

Sasa, pamba ukiichana kwa mkono hufuata uzi wake, na hivyo ndivyo mafundi wa zamani walivyopata ukingo ulionyooka bila rula. Lakini leso hufumwa kwanza, chapa huja baadaye, na kitambaa kikivutika kidogo mashineni chapa hukaa upogo. Kuna doti leo nimeitandaza, uzi unakwenda kwake na pindo la chapa, ule mpaka wa urembo, linakwenda kwake, mpaka kufika chini vimeachana upana wa kidole. Ningeichana, pindo hilo la chapa lingekuwa nene juu na jembamba chini. Shangazi akachungulia akacheka: “Mwanangu, nani atakuja harusini kutazama uzi?”

Nikachukua mkasi nikafuata chapa. Ingekuwa sketi ya shule nisingekubali, maana nguo iliyokatwa kinyume na uzi ikifuliwa hujipinda mwilini. Leso ni ya kujifunga tu. Upogo wa kidole hauidhuru.

Jambo jingine tulilobishana ni kufua. Wapo wanaoifua leso kwanza ili irudi, yaani inywee, kabisa kabla ya kushonwa. Mimi huipinda na dondo lake la dukani, ule ugumu wa kitambaa kipya, kwa sababu hapo unakunja nusu sentimita, unapitisha ukucha, unakunja tena, na mkunjo unakaa wenyewe bila pini wala pasi. Ikishafuliwa inalegea na kuteleza. Dawa ya kurudi ni mshono mrefu kidogo na uzi usiokazwa sana, la sivyo baada ya kufuliwa mara ya kwanza pindo lote linafinyana.

Penye tabu hasa ni kona. Pale ukingo wa kiwandani unakunjwa mara mbili na kuwa nene, cherehani hukwama na sindano hupiga palepale. Nakata kipembe kidogo cha ndani kabla ya kukunja, kisha nazungusha gurudumu kwa mkono hadi nivuke. Haraka yoyote hapo ni kuvunja sindano.

Doti ya bibi harusi nimeitenga, nitaipinda kwa mkono. Shangazi anasema mshono wa cherehani hudumu zaidi, na ni kweli. Nitaipinda kwa mkono vilevile. Uzi wa manjano umeisha, kesho nikitoka kazini nipitie Biashara kabla hawajafunga.