Wissmann Ameondoka Berlin, Bismarck Bado Yuko Mwanza

Nimerudi Mwanza kutoka Ujerumani, nilikokwenda kumsalimu dada yangu, ambaye ni muuguzi Berlin kwa miaka mingi na ambaye ameolewa na kuzaa hukohuko. Wengi wanaoniuliza habari za safari wanataka kusikia kuhusu baridi, treni na bei ya vitu, na hao nimewajibu kwa kifupi kwamba baridi ipo, treni hufika kwa wakati isipokuwa zinapochelewa, na bei haifai kuitafsiri katika shilingi kabla ya kula. Jambo ambalo sijapata nafasi ya kulieleza vizuri ni namna majina ya waliotutawala yanavyoondolewa mitaani kule walikotoka, ilhali huku kwetu yamekaa palepale yalipoachwa.

Siku ya kwanza ya mapumziko yake, dada alinipeleka Neukölln, kwenye mtaa ambao zamani uliitwa Wissmannstraße. Hermann von Wissmann ndiye aliyeongoza kikosi kilichouzima upinzani wa Abushiri katika pwani yetu mwaka 1889, na miaka michache baadaye akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Tangu mwaka 2021 mtaa huo unaitwa Lucy-Lameck-Straße. Sikutegemea kusimama chini ya kibao cha mtaa wa Ulaya na kusoma jina la mama wa Moshi, aliyesomea uuguzi kabla ya kuingia katika siasa za TANU na kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kushika nafasi serikalini baada ya uhuru. Dada, ambaye kwa kawaida si mtu wa siasa, aliniambia kwamba kila akipita hapo humkumbuka kwanza kama muuguzi mwenzake.

Katika eneo la Wedding kuna kitongoji kizima ambacho mitaa yake ina majina ya Afrika, na ukitembea taratibu utakutana na Tanga na Zanzibar, yameandikwa kwa tahajia ya Kijerumani. Hapohapo palikuwa na barabara yenye jina la Carl Peters, mwasisi wa koloni la Wajerumani huku kwetu, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Baadaye wakubwa wa mji walidai kwamba Peters anayekusudiwa ni mwingine, mwanasiasa wa Berlin, utetezi ambao kwangu ulikuwa wa kuchekesha kuliko kuridhisha. Mwezi Agosti 2024 jina hilo liliondolewa, na sehemu ya barabara hiyo sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Miezi michache kabla yake, tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier alikuwa amesimama Songea na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907.

Hata hivyo, kilichonishika zaidi hakikuwa kibao cha mtaa. Ni kipande cha shaba ya njano chenye upana wa sentimita kumi hivi, kilichopachikwa katika njia ya waenda kwa miguu pale Brunnenstraße, mbele ya nyumba ya kawaida ambayo watu huingia na kutoka wakiwa na mifuko ya sokoni. Kinamkumbuka Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Alikuwa mtoto wa askari, naye akaingia katika jeshi la Wajerumani angali mdogo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mshahara ambao yeye na baba yake hawakuwa wamelipwa, akakataliwa, akabaki. Alifanya kazi ya kuhudumu mezani, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza katika filamu zilizosifu makoloni. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, na tarehe 24 Novemba 1944 akafia katika kambi ya Sachsenhausen. Mwanamume huyu alifundisha lugha ninayoiandika hapa, katika mji ambao ulimhitaji kwa lugha hiyo na haukumtaka kwa lolote jingine. Watoto wa dada yangu, ambao wananiita mama mdogo kwa lafudhi ya Kijerumani, waliinama na kusoma yaliyoandikwa, kisha mkubwa wao akauliza kwa nini shuleni hawajawahi kuambiwa habari zake. Mama yao alimtazama tu, kwa kuwa nasi tuliosoma Mwanza hatukuwahi kuambiwa.

Makumbusho nitayapitia haraka, maana kila msafiri huandika juu ya makumbusho. Nitataja tu kiunzi cha mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) kilichosimamishwa katika Museum für Naturkunde, chenye kimo cha mita 13.27, ambacho mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandarini, miaka michache tu baada ya njaa na vifo vya Maji Maji kuipitia nchi hiyohiyo ya kusini. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Mjusi mwingine wa Tendaguru amepewa jina la kisayansi linalomkumbuka yeye, ingawa heshima hiyo ilimfikia karibu miaka mia moja baada ya kazi yake.

Jirani na nyumba ya dada kuna duka linalouza minofu ya sangara, nao humwita Viktoriabarsch, kwa maana ya samaki wa Victoria. Kwa hiyo sangara wetu husafiri kwa ndege akiwa na jina la malkia wa Uingereza hadi kwenye meza za Wajerumani, na sisi tunabaki na mapanki, yaani mifupa iliyobaki baada ya minofu kuondolewa. (Dada hamnunui. Alifurahia zaidi dagaa na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, niliyombebea, akaificha nyuma ya kabati ili wanawe wasimalize.)

Baada ya hayo yote ndipo nikarudi nyumbani, na jioni moja nikatembea hadi upande wa Capri Point, karibu na kivuko cha Kamanga, kulitazama Jiwe la Bismarck. Vijana walikuwa wakipiga picha jua linapotua. Niliwauliza Bismarck alikuwa nani, na mmoja akanijibu kwa adabu kwamba huenda alikuwa mzungu aliyeligundua jiwe. Jiwe lenye ukubwa ule, lililo mbele ya macho ya kila mvuvi!

Otto von Bismarck hakuwahi kuliona ziwa hili. Alikuwa Kansela wa Ujerumani, na katika makazi yake ya Wilhelmstraße ndimo wajumbe wa mataifa walimokutana kuanzia Novemba 1884 kupanga kanuni za kujigawia Afrika. Mkutano ulifungwa tarehe 26 Februari 1885, na kesho yake Kaizari akatia saini hati ya kuilinda kampuni ya Peters katika maeneo aliyojidai kuyapata kwa mikataba, hati ambayo ndiyo mlango walioingilia hadi wakafika ufukwe huu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda na mama Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Mama alizigusa ngoma za watemi kwa macho tu, kisha akaanza kuwaeleza wanafunzi waliokuwa karibu habari za Bagika na Bagalu, na namna vikundi hivyo viwili vinavyoshindana kwa ngoma wakati wa sikukuu ya Bulabo, mpaka mwongozaji akanyamaza na kumwachia kazi. Niliona pale kwamba hatukosi watu wa kusimulia. Tunakosa maandishi mahali ambapo mpita njia atayakuta.

Mdogo wangu wa kiume, anayeongoza watalii, hataki jina la jiwe liguswe, kwa hoja kwamba wageni wamelizoea na vitabu vyao vya safari vinalitaja. Nimekubaliana naye kwa sasa. Ninachotaka ni kibao kimoja cha Kiswahili, mahali pa kupigia picha, kinachosema kwamba mwamba huu ulipewa jina la kansela ambaye hakuwahi kufika hapa, aliyeitisha mkutano wa kuigawa Afrika, na kwamba waliokuwa wakiishi na kuvua kando yake hawakualikwa. Mdogo wangu aliuliza nani atakilipia. Nilimweleza kwamba vipande vya shaba kama kile cha Brunnenstraße hugharamiwa na watu wa kawaida wanaojitolea au kuchanga, si lazima serikali. Ameahidi kwenda ofisi za jiji kuuliza kibali kinapatikanaje, nami nimeshaanza kuandika maneno ya kibao hicho, ambayo mama ameyafupisha mara ya pili sasa kwa sababu anaona nimewaeleza Wajerumani mno na wavuvi kidogo.