Snobloa ya mtumba: kabla ya kuuliza nguvu, uliza namba

Huku Minnesota, Marekani, majani yakianza tu kuanguka, stori za wanaume wetu zinabadilika. Siasa za nyumbani zinawekwa kando kidogo, kila mtu anaanza kusifia snobloa yake, ile mashine ya kusafisha theluji. Huyu yake ina upana wa inchi 28, yule yake inarusha theluji mpaka inavuka uwanja wa jirani, mwingine ana ile yenye vishikio vya kupasha mikono moto basi hapo anaongea ni kama amenunua ndege. Kina mama pia wamo, tena wao ndio huuliza maswali ya maana. Lakini swali moja silisikii kabisa: hiyo yako umeangalia kama kampuni iliitangaza irudishwe?

Na sisi ndio tungefaa kuuliza kuliko wote, kwa sababu wengi wetu tunanunua mtumba. Mzee fulani anahamia Florida, amechoka na baridi, anaweka mashine nje ya gereji na karatasi ya bei, unaenda na pikapu ya rafiki, mnapakia, kwisha. Sasa kampuni ikigundua kasoro, barua inaenda kwa aliyeisajili mashine, yaani yule mzee ambaye saa hii anaota jua na snobloa ashaisahau. Wewe hakuna anayekujua. Unaweza kukaa misimu yote unasukuma kitu ambacho mwenye kukiunda mwenyewe alisema jamani kiacheni kwanza.

Mfano mzuri uko hapa hapa kwetu. Toro, kampuni inayounda snobloa, makao yao makuu ni Bloomington, ukitoka uwanja wa ndege ni karibu tu. Mwaka 2020 walitangaza rikoli, yaani wito wa kurudisha mashine yenye kasoro, ya Power Max 826 OHAE, modeli namba 37802, sababu ilikuwa kwamba ukiachilia leva ya kwenye kishikio, parafujo la mbele lingeweza kukataa kusimama. Tangazo lenyewe halikuficha maneno, liliandika hatari ya kukatwa kiungo. Simtaji Toro kumharibia jina, maana kampuni inayotangaza kasoro yake naiamini zaidi kuliko ile iliyonyamaza, na mashine zao ziko kila mtaa huku. Nataka tu uone ni kitu gani hasa kiliharibika, kwa sababu usalama wote wa hizi mashine umesimama hapo hapo kwenye ile leva.

Iko hivi. Snobloa kubwa za hatua mbili zina parafujo la chuma mbele linalokusanya theluji na kuivuta katikati, halafu nyuma yake kuna feni inayoipiga kupitia bomba la juu. Leva ya kulia au kushoto inaendesha parafujo, nyingine inaendesha magurudumu. Ukiachilia, parafujo linatakiwa lisimame ndani ya sekunde 5, ndivyo vitabu vya mashine vinavyosema. Sasa kuna raha moja ambayo watu wanaipenda sana, na mimi pia: kwenye mashine nyingi ukishika leva zote mbili halafu ukaachilia ile ya parafujo, inabaki imejifunga chini ili mkono mmoja uwe huru kuzungusha bomba. Ukiachilia ya magurudumu zote zinaruka juu. Ni kitu kitamu hasa, lakini kebo ikilegea ama barafu ikiingia kwenye ule mfungo, utakuta umeachilia kila kitu na mbele kunaendelea kusaga.

Kwa hiyo ukienda kuangalia mashine ya mtu, mwambie aiwashe nje, si ndani ya gereji mlango umefungwa, ule moshi unaua na watu wamekufa hivyo. Shika leva zote mbili, sikia belti inavyokaza na parafujo linavyoanza kupiga kelele, achilia, halafu simama nyuma ya vishikio uangalie. Hesabu moja mpaka tano taratibu. Rudia injini ikiwa imepata moto, maana belti iliyochoka huanza kunata ikishapata joto. Muuzaji akianza kukwambia hii huwa inachelewa kidogo lakini haina shida, mshukuru, uliza barabara ya kurudi ni ipi.

Halafu kuna theluji ya Machi, ile nzito yenye maji. Hiyo inajaza bomba mpaka linaziba kabisa, na hapo ndipo vidole vinapoenda. Watu wanadhani wakizima injini wamemaliza, kumbe belti na feni zinakuwa bado zimejikaza kwenye lile donge, ukilitoa tu kile chuma kinajirusha kidogo, na hicho kidogo kinatosha. Madaktari wa upasuaji wa mikono wameshalisema hilo miaka na miaka. Ile tume ya serikali ya usalama wa bidhaa, CPSC, imewahi kukadiria kwamba watu kama 5,700 kwa mwaka wanaumizwa na snobloa hadi wanahitaji matibabu. Mashine mpya huja na kijiti cha plastiki kimebanwa juu ya sehemu ya mbele, ni cha kazi hiyo. Za mtumba mara nyingi kijiti hakipo. Mimi hukiangalia kijiti kabla sijaangalia rangi, maana kikiwa bado kipo, na kimekwaruzika, najua mwenye mashine alikuwa anakitumia.

Haya, namba zenyewe. Tafuta kibati au stika, kiko nyuma kwenye fremu, kati ya magurudumu au chini ya vishikio, utafute kwa tochi na kitambaa cha kufutia mafuta. Piga picha namba ya modeli na ya siriali, zote mbili, kwa sababu rikoli nyingi hazigusi modeli nzima, zinagusa siriali kuanzia hapa mpaka pale. Ingia tovuti ya CPSC sehemu ya rikoli uandike jina la kampuni, halafu ingia ya kampuni yenyewe. Ikiwemo, usitupe mashine wala usikate tamaa, mara nyingi unaipeleka kwa wakala wao wanairekebisha bure, nyingine wanabadilisha au wanarudisha hela. Na ujue tangu sheria ya 2008 kuuza kitu kilicho kwenye rikoli ni kosa, kwa hiyo muuzaji akijua hilo bei yake inakuwa laini ghafla. Ukimaliza, isajili kwa jina lako ili barua ijayo ije kwako.

Kitu kinachowachanganya watu ni kwamba jina kwenye boneti si lazima liwe la aliyeunda. MTD peke yao waliunda Cub Cadet, Troy-Bilt, Yard Machines na Craftsman nyingi. Craftsman za zamani namba ya modeli ikianza na 247 hiyo ni ya MTD. Sasa utakuta wawili wanabishana sana nani kanunua bora, wafungue chini, giaboksi ni lile lile.

Tukirudi kwenye mabishano yetu ya kawaida, maoni yangu nayatoa bila kuogopa. Upana watu wanauabudu bure. Kama njia yako ya gari ni ya magari mawili, inchi 24 inatosha, na inapita kwenye njia ya waenda kwa miguu ambayo Minneapolis wanataka uwe umeisafisha ndani ya saa 24 baada ya theluji kukoma. Vishikio vya moto ni starehe, vaa glavu. Taa nzuri sio starehe, maana wengi wetu tunatoka shifti ya usiku na kusafisha alfajiri. Zile ndogo za hatua moja zenye raba mbele zinasafisha mpaka lami inaonekana, lakini kwa ule ukuta wa barafu ambao greda la manispaa linakuachia mlangoni zinaruka ruka tu. Kama njia yako ni ya changarawe hiyo ya hatua moja usiichukue kabisa, itakokota mawe na kuyarusha kwenye dirisha la mtu. Za betri nimeanza kuzikubali, hazina kabureta ya kuziba, hazina moshi, ila toa betri kabla ya kuingiza hata kijiti.

Na zile pini ndogo za parafujo, tafadhali. Zimetengenezwa zikatike ukigonga barafu ngumu au gazeti lililofukiwa, ili giaboksi lipone. Ukikuta mashine ina bolti ya kawaida ngumu mahali pa pini, mtu aliyeiweka alikuwa anaokoa dola chache na giaboksi sasa linasubiri siku yake. Petroli weka ile isiyo na ethanoli, huku Minnesota vituo vingi wanayo kwa ajili ya injini ndogo, na mwisho wa msimu iache injini imalize tenki yenyewe.

Wenzetu wa Buffalo, jimbo la New York, nao wana mambo yao. Novemba 2022 Orchard Park, hapo jirani tu na mji, ilianguka kama inchi 80 kwa siku chache, hapo hakuna cha snobloa, unatafuta koleo upate kwanza mlango. Lakini kuna mtu wa huko ananiambia snobloa za minyororo badala ya matairi ndizo zinapanda tuta la theluji bila kuinua pua. Mimi sijaendesha moja kwa muda wa kutosha kusema lolote. Mwenye nayo aniambie bei ya kutengeneza ile giaboksi ya mafuta inayoendesha minyororo ikifa nje ya waranti, na je, ukizima unaweza kuisukuma kwa mkono kuirudisha gereji au ndio umelala nayo nje?