Kula kwa mafundi: chakula halisi cha Kituruki katika miji ya ufukweni

Msafiri wa Entebbe anayekwenda kupumzika Antalya, Alanya au Bodrum mara nyingi huwa amelipia hoteli ya her şey dahil, yaani kila kitu kimo ndani ya bei. Siku mbili tatu meza ndefu za hoteli humridhisha. Kisha hutamani kuionja Uturuki yenyewe. Akitoka getini, barabara yote ya ufukweni ni picha za piza, chipsi na soseji, menyu zenye bendera za nchi sita, na kijana mlangoni anapiga debe kama yuko Old Taxi Park. Anakula, analipa bei ya kuumiza, anarudi Kampala na kusema chakula cha Kituruki hakina jipya. Maneno hayo yananiuma, kwa kuwa chakula chenyewe kilikuwa mitaa mitatu tu nyuma ya kiti chake.

Mkahawa wa ufukweni unampikia mgeni atakayepanda ndege Jumamosi. Akichukia, haidhuru, Jumapili linashuka kundi jingine. Mpishi anayelisha makarani wa manispaa na mafundi wa gereji hana raha hiyo: maharage yakiwa magumu leo, kesho fundi anavuka barabara kwa jirani. Basi usiulize mkahawa upi ni mzuri. Uliza ni upi unaoishi kwa mteja wa kesho.

Mkahawa wa namna hiyo una jina lake: esnaf lokantası. Esnaf ni mafundi na wenye maduka. Hutaukuta umeelekea bahari. Utaukuta nyuma ya soko, karibu na msikiti mkubwa, karibu na mahakama (kibao kinasema adliye), karibu na kituo cha mabasi (otogar), na zaidi ya kote katika sanayi, eneo la gereji na wachomeleaji, mfano wa Katwe yetu. Kwa teksi, mwambie dereva "sanayi" tu, ataelewa.

Saa za Uturuki ni zilezile za Uganda, hakuna kubadilisha chochote mkononi, na hilo ni muhimu kwa sababu lokanta ni chakula cha mchana. Vyungu hutoka jikoni kabla ya saa 6. Saa 6 na nusu ndipo pa kufika. Saa 8 vizuri vimekwisha, saa 9 unakuta wanaosha masinia. Watu wengi hukosea hapa: wanakwenda saa 2 usiku, wanakuta pamefungwa au wanapewa mabaki, kisha wanalaumu mpishi. Ijumaa nenda mapema zaidi, la sivyo utakutana na msikiti mzima uliotoka kuswali.

Ukiingia, usitafute meza kwanza. Nenda kwenye kioo. Nyuma yake kuna masinia ya chuma yenye mvuke: bamya, ambayo ni bamia zetu kwa jina na kwa sura ila ndogo kama ncha ya kidole, biringanya zilizojazwa nyama ya kusaga, kunde mbichi, kuku na viazi, na mahali pa heshima, kuru fasulye, maharage meupe katika mchuzi mwekundu wa nyanya. Mtazame mpishi anapochota. Harage zuri linabaki zima kwenye upawa, ngozi haijachanika, lakini ukilibonyeza kwa uma linalainika lote bila chembe ya unga mkavu katikati. Mchuzi unapaswa kushika mgongo wa kijiko. Ukiwa maji matupu, maharage yamechemshwa kando na kutupiwa sosi mwishoni.

Pilav yao si pilau. Ni wali mweupe wa siagi, mara nyingi wenye vipande vidogo vya tambi vilivyokaangwa vikawa hudhurungi, bila bizari, bila karafuu. Mpenda pilau asipojua hili atadhani wamemsahau. Punje zikiwa zimegandana donge, wali huo umelala. Kuagiza ni kwa kuonyesha kidole, na maneno matatu yanakutosha: az ni kiasi kidogo kwa bei pungufu, bir porsiyon ni sahani moja, bir buçuk ni sahani moja na nusu. Aliyekuja na hamu ya kuonja aagize az tatu tofauti. Mkate huwekwa mezani bila kuagizwa.

Ramani ya simu inasaidia ukiiuliza kwa Kituruki. Andika maneno haya, si "mkahawa wa Kituruki": esnaf lokantası, ev yemekleri (vyakula vya nyumbani), ocakbaşı (choma), pide salonu (mikate bapa yenye nyama au jibini juu), çorbacı (supu), balık pişiricisi (wapika samaki uliyekuja naye). Kisha soma tarehe za maoni. Mikahawa ya watalii mingi hufunga baada ya Oktoba na kufungua upya karibu na Aprili. Ukikuta maoni ya Januari na Februari, tena kwa Kituruki, pale kuna watu wanaokula mwaka mzima. Jihadhari na pahali penye maoni elfu moja ya Kiingereza yanayomsifu mhudumu kwa jina. Hayo huombwa mezani wakati wa kuleta bili.

Jambo la kuangalia mlangoni: tangu Januari 2024 sheria inadai orodha ya bei iwekwe mlangoni na mezani. Iwe kwa lira. Bei zikiandikwa kwa yuro au pauni, au orodha ikiwa haipo, endelea na safari yako. Urefu wa menyu nao unasema. Jiko moja haliwezi kuwa na piza, tambi za Kichina, kari ya Kihindi na kebabu 40 bila friza kubwa nyuma.

Wakati mwingine dawa ni kuuhama mji. Ölüdeniz na Hisarönü ni za wageni kiasi kwamba kupata lokanta huko ni kujichosha. Panda dolmuş hadi Fethiye. Ukiwa Side, nenda Manavgat. Ukiwa Kuşadası, nenda Söke. Dolmuş ni teksi yetu ileile, basi dogo lenye njia maalum, na jina lake lina maana ya "limejaa", shina moja na dolma, mboga iliyojazwa wali. Siku ya soko ndiyo bora: Fethiye ni Jumanne, Alanya ni Ijumaa. Kando ya soko hukaa akina mama wanaosukuma gözleme, chapati nyembamba yenye mchicha au jibini ndani, juu ya bamba la chuma lenye mbinuko. Mla roleksi, chapati yetu ya mayai, atajisikia nyumbani. Angalia tu kama unga unasukumwa papo hapo kwa kijiti chembamba. Ukitolewa kwenye mfuko wa nailoni, acha.

Kila pwani ina chake, na kukijua kunakuokoa. Antalya ni piyaz. Kwingine Uturuki piyaz ni saladi ya maharage, kitunguu na mafuta. Antalya wanaimiminia simsim iliyosagwa, siki, limau na vitunguu saumu, juu wanaweka yai la kuchemsha, na wanaila na şiş köfte, nyama ya kusaga iliyochomwa. Mtu wa Gulu aliyekulia odii, simsim na karanga za kusaga, atauelewa mchuzi huo kabla ya kumeza. Ukiomba piyaz Antalya ukaletewa maharage makavu yasiyo na simsim, umekaa pasipo penyewe. Bodrum ni çökertme kebabı: viazi vilivyokatwa vyembamba kama njiti za kiberiti na kukaangwa, juu yake mtindi wa vitunguu saumu, juu yake vipande vya nyama. Viazi vikiwa chipsi nene za pakiti, wamekudanganya. Upande huohuo wa bahari ya Aegean tafuta maua ya maboga yaliyojazwa wali, kabak çiçeği dolması. Testi kebabı, ile ya kuvunja chungu mezani kwa makofi na moto, ni chakula cha bara, Yozgat na Kapadokya. Ufukweni imebaki kuwa tamasha.

Sasa nyama ya kuchoma. Sisi watu wa muchomo tunajiona tunaijua, lakini Adana kebap ina masharti yake. Nyama ni ya kondoo, imechanganywa na mafuta ya mkia, pilipili nyekundu na chumvi, basi. Inakatwakatwa kwa zırh, kisu kikubwa kilichopinda kama mwezi mwandamo kinachoshikwa kwa mikono miwili, wala haipiti kwenye mashine. Mashine huiponda nyama na kuipasha joto, mafuta yanaachana nayo, na kebabu inatoka ngumu yenye kuruka meno kama raba. Iliyokatwa kwa kisu ina punje unazozihisi ulimini. Mshikaki wake ni bapa na mpana, na juu ya nyama utaona mabonde yaliyoachwa na vidole vya mpishi alipokuwa akiibandika. Kebabu iliyonyooka kama bomba imetoka kiwandani.

Kaa karibu na jiko, ocakbaşı maana yake ni hapo hasa. Mkaa uwe umeshika majivu meupe, usiwe na ndimi za moto. Nyama ikianza kutoa mafuta, mchomaji huchukua lavaş, mkate mwembamba kama kitambaa, anaifunika nayo, anabana, mkate unanyonya mafuta, nyama inarudi motoni. Anarudia hivyo mara kadhaa. Mkate huo ndio utakaoletewa chini ya kebabu, anza kula huo kabla ya kitu kingine. Pamoja nao huja kitunguu chenye sumak, unga mwekundu wenye ukali wa ukwaju. Asiyetaka pilipili aombe kebabu ya Urfa.

Döner, nyama inayozunguka motoni kwenye mshikaki wa kusimama, nitaipita haraka. Tazama ule mnara. Ukiona matabaka ya nyama yaliyopangwa kama kurasa za kitabu, ni yaprak, kaa. Ukiona mwili laini usio na mistari, ni nyama ya kusaga iliyogandishwa, ondoka. Penye odun ateşi, moto wa kuni, ni pazuri zaidi. Mnara uliobaki mzima saa 3 usiku mjini ambako watu hula saa 7 mchana haukupata wateja.

Samaki ndipo pesa nyingi hupotelea. Kuanzia 15 Aprili hadi Septemba uvuvi wa nyavu kubwa hufungwa ili samaki wazae. Yaani majira ya watalii ndiyo majira ya samaki wachache wa bahari. Çipura na levrek unaowaona kila meza wengi wamefugwa, hasa katika vizimba vya Muğla na İzmir. Hawana ubaya, ubaya ni kulipa bei ya bahari kwa samaki wa kizimba. Uliza: "Çiftlik mi, deniz mi?" Wa kufugwa au wa bahari? Samaki kumi kwenye barafu wenye urefu uleule, kila mmoja akitosha sahani moja, ni wa kufugwa hata muuzaji aape. Hamsi ni dagaa wa Bahari Nyeusi na wa baridi. Akiuzwa Agosti kama mbichi, usimnunue.

Njia salama ni ya Fethiye. Katikati ya soko la samaki kuna meza za wauzaji, pembeni mikahawa imezunguka. Unachagua samaki na kumlipa muuzaji, unampeleka mkahawani, wanampika kwa ada, na saladi na mkate vinafuata. Anayenunua ngege (sato) sokoni Ggaba, ufukweni mwa Ziwa Victoria, na kumkabidhi mkaangaji anaijua kazi hii. Mpangilio ni huu: uliza bei ya kilo, "Kilosu ne kadar?", pimisha mbele ya macho yako, kisha ndipo atolewe matumbo. Kabla ya kukaa, uliza ada ya kupika ni kiasi gani kwa mtu. Mhudumu akija na sinia la vibakuli vya meze, yaani vitafunio vya kuanzia, kila kibakuli unachokigusa kinaingia kwenye bili. Chagua viwili, rudisha sinia.

Kwa Waislamu: lokanta na nyumba za kebabu za wenyeji karibu zote hazipiki nguruwe, na nyingi haziuzi pombe. Mikahawa ya samaki na meyhane (nyumba za pombe) huuza rakı, pombe kali ya Kituruki, na baadhi ya mikahawa ya watalii huweka nguruwe kwenye menyu. Neno la kuangalia ni domuz.

Ukishiba sema "Hesap, lütfen." Hesap ni hesabu, utaielewa bila kamusi. Isome mstari kwa mstari, uliza usichokiagiza, na asilimia 5 hadi 10 ya kumwachia mhudumu inatosha. Mara nyingi kabla ya bili kufika utawekewa glasi ndogo ya çay, yaani chai, iliyobanwa kiunoni. Kama hukuiagiza, kwa kawaida ni takrima ya nyumba. Ishike kwa ukingo wa juu, kwa sababu haina mkono na inaunguza.